Dada wa Nane

Observatory, Johannesburg
3 Machi 2024

Mama Marcelline mpendwa,

Jambo sana kwako na kwa wote wa nyumbani Likasi. Mgongo unasemaje? Mimi niko mzima, ukiacha mafua, ambayo huku hayana msimu. Barua hii nampa Mama Brigitte wa huko kwenu, anayekuja huku Joubert Park kununua mablanketi na nywele za kusuka, maana simu huitaki. Uliniambia mwenyewe, tulipokupigia siku ya maziko, kwamba mtu akikulilia kwenye simu huwezi kumfuta machozi, afadhali aandike.

Nisamehe kimya changu tangu tulipomzika Sagesse. Kila nikishika kalamu nilijiona nakuandikia habari za mtoto wako kana kwamba ni wangu.

Leo nina habari njema kidogo. Nyumba tumepata. Unakumbuka alivyokuwa akikuchosha masikio na udada wetu? Ule umoja wa wasichana wa chuo ulioanzia Marekani, ambao ukishaapa unakuwa dada mpaka kufa, na mimi na yeye tukaapa kwamba tawi la kwanza hapa litakuwa letu. Chuo kilisema tukitimia wanane tutapewa nyumba. Tulitimia, tukala kiapo, na juma lile lile Sagesse akagongwa na gari kwenye robot, zile taa za barabarani, chini ya mlima, akija kuitazama nyumba yenyewe.

Ni nyumba ya zamani, sakafu ya mbao, ina baraza inayotazama mtaa wa Yeoville. Kila jioni kabla ya chakula mimi, kama rais, naita majina kwa mpangilio wa kiapo, na kila dada anaitika, "Niko." Ndiyo kanuni. Nikifika kwa Sagesse sote tunaitika kwa pamoja, "Yuko." Jina lake kwenye orodha ya ukutani sikulifuta. Chumba cha mwisho ni chake, kitanda kimetandikwa. Ofisi ya makazi inasema tuko wanane, na mimi nasema tuko wanane.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani litakufariji. Dada yetu Nomsa, Mzulu, alishtuka kusikia kwamba hakuna aliyekwenda kumchukua Sagesse pale barabarani. Kwao mtu akifia njiani, roho inabaki pale pale imeduwaa mpaka ndugu aende na tawi la mti wa miiba, aseme, "Asambe ekhaya," yaani twende nyumbani. Basi tulikwenda. Tawi nilibeba mimi. Anayelibeba haruhusiwi kuzungumza na mtu mwingine ila marehemu, na jirani mmoja Mkongo aliyenisalimia mpaka leo ameninunia. Nilimwonyesha Sagesse njia yote: hapa tunapanda mlima, hapa pinda kulia, hili ndilo geti. Tawi nimelilaza kwenye kitanda chake.

Kwa hiyo usilie tena, mama. Amefika nyumbani.

Binti yako,
Falonne

*

Likasi
2 Aprili 2024

Binti yangu Falonne,

Nakusalimu. Hujambo? Kwa mafua unywe tangawizi, usiwe mvivu wa kuchemsha. Mgongo wangu ni ule ule, tumeshazoeana. Mama Brigitte alifika salama, akakaa, akala, akaniambia umekonda. Wewe uliyekuwa unamaliza bukari yangu ya mahindi kuliko wenye nyumba, leo umekonda?

Nimeisoma barua yako na nimemshukuru huyo Nomsa. Ana malezi. Sisi Wakongo tunakimbilia kanisani, tunaimba, tunasahau kwamba mtu aliyekufa ghafla naye anahitaji kuambiwa njia.

Lakini mwanangu, nyumbani kwa nani?

Mimi mtoto wangu sikumwona. Pasipoti yangu ilitoka mmeshamfukia, na kuisafirisha maiti mlishindwa, sikulaumu. Nilijiambia roho haihitaji viza, atakuja. Na kweli alianza kuja. Kabla ya barua yako nilimwota mara nyingi, kila mara amekaribia zaidi: mara yuko Kasumbalesa mpakani, mara yuko kwa wauza mkaa, mara kwenye njia yetu ya mtoni. Tangu mwezi wa tatu anafika mpaka mlangoni. Anaweka mkono kwenye mbao. Halafu anageuza kichwa kama mtu anayeitwa, anarudi alikotoka.

Nilikuwa sijui anaitwa na nani. Sasa najua. Acheni kumwita, Falonne.

Mama yako,
Marcelline

*

Observatory, Johannesburg
20 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Tangawizi nakunywa, na kukonda ni uongo wa Mama Brigitte, sketi zangu zinashuhudia. Natumaini baridi haijaanza kukuuma magoti.

Nataka nikuambie jambo kabla hujakasirika. Anaitika.

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Niliita jina lake kama kawaida, tukavuta pumzi tuseme "Yuko," na kabla hatujasema, kutoka chumba cha mwisho ikaja, "Niko." Ni yeye, mama. Unajua alivyokuwa akivuta lile "o" kama mtu anayenyoosha mikono. Dada yetu Elisée aliangusha sufuria la wali. Nomsa akaniambia kwa sauti ya chini, "Eish, Falonne, ulimwambia hapa ndio kwao?" Nikamjibu ndiyo, nilimwambia.

Tangu siku hiyo anaitika kila jioni. Nikifungua mlango sioni mtu, ila tawi la miiba limekauka na majani hayajadondoka hata moja, na mto wa kitanda una shimo la kichwa. Wengine wanaogopa. Mimi siogopi. Mimi nakimbia kutoka darasani ili jioni inikute nyumbani.

Naheshimu ndoto zako, lakini hapa ana dada saba walioapa naye. Nyumba hii aliiota yeye, akaitafuta yeye, na hakuilala hata usiku mmoja. Mwache aikae kidogo, mama. Huko Likasi angefanya nini?

Binti yako,
Falonne

*

Likasi
12 Mei 2024

Falonne,

Salamu. Niko mzima.

Angefanya nini Likasi? Angepumzika. Wewe ulimzaa? Ulimbeba mgongoni ukienda sokoni na surua imemshika? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na ninyi watoto mnacheza udada na kitu msichokijua uzito wake.

Sikukatazi kumpenda. Ulikuwa unalala kwenye mkeka mmoja naye hapa kwangu, nilikuwa nawafunika shuka moja, najua umepoteza nini. Lakini wewe umempoteza na unaye. Mimi nimempoteza na simpati hata kwenye ndoto. Jana alifika, nikawahi kufungua mlango mimi, nikauona uso wake. Amechoka, Falonne. Ana uso wa mtoto anayeamshwa kila akisinzia. Nikasema, "Ingia." Akasema, "Wananiita, mama." Akaondoka.

Muulize Nomsa wenu jinsi wanavyomrudisha mtu aliyepelekwa mahali pasipo pake. Kisha ufanye. Mama Brigitte atamleta, nitamlipa mimi anachotaka.

Marcelline

*

Observatory, Johannesburg
18 Agosti 2024

Mama,

Jambo. Najua nimekaa muda mrefu bila kujibu na sitatafuta kisingizio. Nilikasirika. Barua yako niliiweka chini ya godoro nikaendelea kuita.

Ikawa kama ulivyosema. Mwezi wa sita alianza kuchelewa kuitika. Tunangoja, chakula kinapoa, ndipo inakuja "Niko" ya mtu aliyetolewa usingizini, hana nguvu ya kuivuta ile "o." Elisée alihama. Alisema mzimu haumtishi, mimi ndiye ninayemtisha. Kisha jioni moja niliita, nikangoja, nikaita tena kwa hasira, kama mama anayemgombeza mtoto, na nikasikia mtu analia kule chumbani, taratibu, kama asiyetaka kusumbua wenzake. Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Sikuita tena tangu siku hiyo.

Nomsa alinifundisha. Nilichukua tawi kitandani nikamwambia Sagesse kwamba nilimwelekeza vibaya, kwao ni Likasi kwa mama yake, na sasa anakwenda. Tulimkatia kiti chake kwenye basi, karibu na Mama Brigitte, kwenye dirisha. Kondakta alitaka kuweka mizigo pale na Mama Brigitte akampandia juu: "Ile kiti iko na mwenyewe! Weye haumuone, ni mambo yako!" Aliahidi kumwambia kila mto na kila mpaka, Limpopo, Zambezi, mpaka Kasumbalesa. Nilisimama Park Station mpaka basi lilipopotea na nililia bila aibu, mbele ya wauza soksi.

Ili nyumba tusinyang'anywe ilibidi kutafuta dada wapya. Wawili wameapa. Mmoja anaitwa Glody, wa Kolwezi, mpole, anacheka na kila mtu. Amepewa chumba cha mwisho. Sikumwambia kitu. Analala vizuri.

Nimemtoa Sagesse mikononi mwangu, mama. Mpokee.

Binti yako,
Falonne

*

Likasi
15 Septemba 2024

Binti yangu mpenzi,

Nakubusu mikono yote miwili. Hujambo? Unakula? Maneno yangu makali ya mwezi wa tano uyasahau, yalikuwa maneno ya mgonjwa.

Mama Brigitte alileta tawi limefungwa kwenye kitenge kipya, kama mtoto mchanga. Anaapa kwamba alimwambia kila mto, kila mpaka, hata alipokwenda kujisaidia alimuaga. Nililiweka kitandani kwangu. Nilipika bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa moshi, nikawaita wakwe na majirani, tukaondoa matanga kama inavyotakiwa. Wote waliniambia sasa nitapumzika.

Falonne, hakuja.

Mlango nimeuacha wazi. Kila usiku nalala mapema kama mtoto anayesubiri sikukuu, na naota vitu vya kijinga, naota sabuni, naota kuku wa jirani. Yeye simwoni tena. Si mlangoni, si njiani, wala Kasumbalesa. Tawi limepukutisha majani yote. Ni kijiti tu.

Nilikuomba uache kumwita ili aingie ndani. Sikujua kwamba kule kusimama mlangoni ndiko kulikokuwa kuja kwake. Nilimwona uso, mwanangu. Amechoka, lakini nilimwona.

Nakuomba kitu ambacho sistahili kukuomba. Mwite mara moja. Moja tu. Usimweke, muulize tu yuko wapi, kama alishuka njiani, kama ananikasirikia. Kisha uniandikie alichosema.

Mama yako,
Marcelline

*

Observatory, Johannesburg
6 Oktoba 2024

Mama yangu,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mijakaranda imeanza kuchanua na barabara yote ya chini imekuwa zambarau, na nimekuwa nikipita juu ya maua hayo nikipanga maneno ya kukuambia.

Nilifanya ulivyoomba. Jana jioni tulikaa mezani, nikaita majina. Nilipofika kwenye jina lake, Nomsa alinitazama, akatikisa kichwa. Alijua. Nikaita hata hivyo.

"Sagesse."

Chumba cha mwisho kilikuwa kimya. Glody alikuwa anajipakulia maharage. Hakuinua kichwa, hakuacha kuchota, akaitika, "Niko." Ile "o" ikanyooka kwa raha, kama zamani, kama mtu aliyelala akashiba usingizi. Glody hakuwahi kuisikia sauti ya mwanao, mama. Alifika hapa mwanao ameshakufa. Kisha akatuona sote tumeacha kula, akacheka, akauliza, "Mbona munaniangalia vile? Nimefanya nini?" Tulimuuliza amesema nini. Akasema hajasema kitu.

Kwa hiyo sijui alishukia wapi, na sikumuuliza kama anakukasirikia. Niliogopa kwamba angenijibu. Ninachojua ni kwamba hakuwa na uchovu wowote, na hilo ndilo jibu ninaloweza kukupa.

Usiku sikulala nikiwaza. Ningeweza kumwita leo pia, na kesho. Angeitika. Tungekaa naye mezani, ana mikono, anakula, anacheka. Ningekuletea Likasi wakati wa likizo, akasimama mlangoni kwako, na safari hii angeingia. Nilifika mpaka kuhesabu viti vya basi.

Lakini Glody naye ana mama. Yuko Kolwezi, anauza unga, na kila Jumapili baada ya misa anapiga simu. Anauliza swali lile lile, binti yake atarudi lini, na Glody anamwambia, "Desemba, mama, nakuja mimi mwenyewe." Leo ilikuwa Jumapili. Nilikuwa barazani, nikayasikia yote.

Sitamwita tena. Jina nimelifuta ukutani, na Nomsa ameshika mkono wangu nikilifuta.

Nakupenda kama mtu aliyenifunika shuka moja na mtoto wake. Nitakuja Desemba kukutazama, mimi tu. Lakini tafadhali, mama, usiniombe mara ya pili. Ukiniomba, nitamwita.

Binti yako,
Falonne