Mkwe Kwenye Foleni

Mkata, Handeni
12 Mei 2024

Mwanangu Maryamu,

Assalaam aleikum. Hali yako, hali ya Sabiri, hali ya mjukuu wangu na jino lake? Sisi huku tu wazima, ukiondoa mgongo wangu na mdomo wa baba yako. Mgongo unauma, mdomo haupumziki.

Usishangae kuona karatasi. Simu tumeizima. Mwalimu Yuditha, anayetusimamia madeni, alisema isiwashwe mpaka deni lililomo humo ndani lipangwe, lakini baba yako Mhina ni Mhina, kaiwasha kisirisiri asikilize mpira. Siku hiyohiyo mjomba wako katutumia hela ya palizi. Maryamu, ile hela hatukuiona hata rangi. Imeingia, imemezwa na mkopo wa simu, halafu ukaja ujumbe wa kutushukuru. Kutushukuru! Simu nimeifukia kwenye debe la unga, anayeitaka apige mbizi. Barua hii anakuletea Muhsin, kondakta wa basi la asubuhi. Jibu mpe yeye pale stendi ya Korogwe. Usimlipe, nimeshampa machungwa.

Mpango wa kulipa madeni umeanza. Kila Ijumaa nafunga hela ya machungwa nampelekea Mwalimu Yuditha, naye anawagawia wanaotudai: wakopeshaji wa riba ya kausha damu, kikoba chetu cha akina mama, mzee Jacob wa duka la pembejeo, na mkwe wangu, mama Sabiri. Kila mtu kwa kadiri ya anachodai. Masharti uliyasikia, ulikuwepo tulipokaa wote. Hakuna kukopa tena, hakuna michango ya harusi, hakuna kumlipa mtu pembeni. Akilipwa mmoja pembeni, wengine wote wako huru kurudi kwenye njia zao. Na njia zao tunazijua. Dunstan, yule kijana mkusanyaji wa kausha damu, anapita hapa barabarani anaiangalia meza yangu ya machungwa kama mtu anayechagua mbuzi wa kuchinja.

Chai tunakunywa kavu. Baba yako kasema hata gerezani wanatia sukari. Nikamuuliza, umejuaje? Kanuna mpaka leo. Aliyenunua mahindi kwa hela za watu ni yeye, aliyeyajaza chumbani bila dawa ni yeye, dumuzi wakayasaga kabla hayajafika mashineni, na leo anayenuna ni yeye!

Kuna neno moja linanisumbua. Mkwe wangu anasemaje? Mwanangu, kudaiwa na duka ni kudaiwa. Kudaiwa na mkwe ni kukaa uchi gulioni. Niambie ukweli, usinipake mafuta.

Mama yako


Manundu, Korogwe
17 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Na baba mfikishie shikamoo yake hata kama amenuna. Hapa hatujambo. Jino limeota, na wa kwanza kung'atwa ni mimi.

Mama, nunueni sukari. Mwalimu aliandika chakula cha nyumbani kwenye mpango, na sukari imo, nilikuwa nimekaa palepale. Huu ni mpango, siyo kifungo. Mkijinyima kila kitu baba atatoroka akakope hata soda, ndipo tutakapokwama.

Mama Sabiri hajasema neno. Siku ya kikao alisema atangoja kama wengine, na anangoja. Nakuomba, mama yangu, usimguse yule mama na hela. Najua moyo wako ulivyo. Aibu ikikupanda, kumbuka cherehani yangu. Wale watu walikubali kukaa mezani kwa sababu niliiweka iwe dhamana. Ni cherehani kuukuu, kila ikifika konani inakwama mpaka niirudishe nyuma, lakini ndiyo inayotulisha. Pikipiki ya Sabiri ni ya mkataba, siku yoyote mwenyewe anaichukua. Kodi na maziwa ya mtoto vinatoka chini ya sindano ile. Na sasa nimepokea kazi ya sare za shule.

Basi tulia. Uza machungwa. Ijumaa peleka.

Mwanao Maryamu


Mkata, Handeni
5 Julai 2024

Mwanangu Maryamu,

Assalaam aleikum, na kwa wote waliomo nyumbani. Mgongo umepata nafuu. Sukari nimenunua, sasa baba yako analalamika kijiko ni kidogo.

Kaa chini nikupe habari njema. Barua hii ikikufikia utakuwa umeshatoka Magoma kwenye harusi ya wifi yako, na sifa zangu utakuwa umezisikia.

Maana niliwaza. Mkwe wangu anaoza binti, amenialika, na mpango unasema nisichange. Haya, sichangi. Lakini niende mikono mitupu kwa mtu ambaye hela yake iko tumboni mwangu, nile na pilau yake juu? Uso wa kufanya hivyo sina. Ndipo nikamkumbuka yule mbuzi wangu wa madoa na wanawe. Wametoka kwa marehemu bibi yako, kwenye karatasi ya Mwalimu hawamo. Nikawapeleka mnadani wote. Baba yako alitaka kuuliza, nikamwangalia tu.

Hela yote anayotudai mkwe nikaifunga kwenye ile doti ya kanga niliyoiweka tangu Idi, haijakatwa wala kupindwa. Alhamisi nikapanda basi mpaka Korogwe. Nikakupita hapohapo mjini bila kuja kwako, nisamehe, nilijua utanizuia. Magoma nikawakuta wanawake wamejaa uani wanachambua mchele. Nikapiga magoti mbele yao nikamwambia, "Mkwe, mzigo wako huu hapa. Sasa tutazamane." Mwanangu, vigelegele! Yeye akapokea akaingia nayo ndani mbiombio, nadhani furaha ilimzidi. Jioni nilikuwa nimesharudi Mkata kwenye machungwa yangu.

Na usiniambie nimelipa pembeni. Pembeni ni kwa kificho. Mimi nimelipa hadharani.

Nimelala usingizi wa mtoto.

Mama yako


Manundu, Korogwe
10 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine zitafuata siku nyingine.

Hadharani, mama! Heri ungelipa chooni! Mmoja wa wale waliokuwa wanachambua mchele ni shangazi yake Dunstan. Pilau haijaiva, habari imeshafika Mkata.

Jumatatu Dunstan kaja na bajaji na watu wa kubeba. Nilikuwa nashona sketi ya sare. Niliwaomba wangoje nimalize mshono mmoja tu. Hawakungoja. Wameondoka na cherehani, na sketi ikaenda imening'inia kwenye sindano, nikawakimbilia barabarani na mkasi niikate. Majirani wote wako milangoni wanatazama.

Kikoba nao wameniletea ujumbe kwamba wao si wajinga wa kungoja huku wakwe wanalipana. Mzee Jacob kasema hivyohivyo.

Sare za watoto wa watu ziko kitandani kwangu vipande vipande. Nashona kwa mkono, na mkono wangu unaujua.

Sikukosei adabu, mama. Ila sina la kuandika tena. Nenda kwa Mwalimu Yuditha.

Mwanao


Mkata, Handeni
14 Julai 2024

Maryamu mwanangu,

Salamu zangu zipokee hata kama hutaki kuzijibu. Mjukuu wangu mbusu. Mimi naumwa, lakini si ugonjwa wa hospitali.

Nimekwenda kwa Mwalimu. Kanisema mpaka kuku wakatoka uani. "Mama Maryamu, mpango huu ni chungu kimoja, kila mtu anapakuliwa kwa zamu. Wewe umemchotea mmoja chungu kizima halafu unashangaa wengine wamebeba sufuria?" Nikamjibu nilimchotea mkwe, sikumchotea mlevi wa barabarani. Akasema kwenye madeni hakuna mkwe, kuna foleni.

Akasema dawa ni moja. Hela ile irudi mezani igawiwe wote. Ikirudi kabla mwezi haujaisha, yeye atawaita tena wakae. Nikamwambia bora niuze bati za paa. Akasema paa limo kwenye karatasi.

Sasa niambie, Maryamu, mtu anaanzaje? Anafika kwa mkwe wake anasema, ile hela niliyokupa kwa magoti naomba nirudishie? Nimemwomba baba yako aende yeye. Kasema mambo ya wakwe wanawake hayawezi. Sukari vijiko vinne anaviweza!

Nijibu hata mstari mmoja.

Mama yako


Mkata, Handeni
31 Julai 2024

Maryamu,

Mama yako nakusalimu tena. Muhsin kila siku namuuliza, kila siku anatikisa kichwa, sasa akiniona anajificha nyuma ya mizigo. Sawa. Nitaandika mimi.

Nimekwenda Magoma.

Nilimkuta mkwe anapukuchua mahindi. Akanikaribisha mkekani, nikakalia ukingo tu. Nikaanza na mvua, nikaja kwenye mihogo, nikaingia kwenye mgongo. Akanisikiliza weee, mwisho akasema, "Mkwe, mvua yote hii ya nini? Sema ulilojia."

Nikasema. Sijui nilisemaje. Nakumbuka nilikuwa nayaangalia magunzi.

Akainuka akaingia ndani. Nikajua ndiyo hivyo, nimefukuzwa. Akarudi na ile doti yangu. Fundo lilelile, mwanangu. Hajalifungua.

"Siku ile ulinivua nguo," akaniambia. "Wale wanawake walikuwa hawajui kama nakudai. Ulipoondoka wakaniuliza, kumbe mama Sabiri huwa unawadai wakwe zako, na tena mpaka wanakupigia magoti? Nikakosa pa kuweka uso, na harusi ya mwanangu kesho yake. Mimi mtu mzima nilikubali kupanga foleni na yule kijana Dunstan ili wewe usione haya. Ukaja kunitoa kwenye foleni kwa nguvu."

Nikalia. Akasema, "Usilie hapo, unalowesha mahindi yangu, yataota kuvu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuifungua, wala hakuirudisha. Akasema niliyempa ni mimi, wa kuja ni mimi, yeye hawezi kunikimbilia na hela njia nzima tena watu watazame. "Nilikuwa namngojea mtu mmoja mwenye akili atoke kwenye nyumba ile." Nikamwambia, basi umekosa, nimekuja mimi. Akacheka, Maryamu. Akacheka mpaka akashika ubavu, akanivuta nikae katikati ya mkeka. Tulikula ugali kwa kisamvu, nami siku zote kwake hula matonge mawili nikasema nimeshiba. Safari hii nilikomba sufuria.

Kesho yake tukapanda gari pamoja mpaka hapa Mkata. Mwalimu akawaita wote. Mkwe akafungua fundo mwenyewe juu ya meza, hela zikagawiwa kila mtu kwa kadiri yake. Dunstan kapokea lake anataka kuinuka, mkwe akamshika shati. "Kaa, mjukuu wangu. Na mimi nina fungu langu hapo. Niko nyuma yako." Wale wa kikoba wakaangua kicheko, hata mzee Jacob aliyekuja amekunja uso. Mpango umefufuka, kwa masharti yaleyale.

Kanga mkwe kabaki nayo. Kasema hii si deni.

Kuhusu cherehani, Dunstan kasema italetwa. Italetwa! Neno hilo hata baba yako analijua, ndilo alilonijibu juu ya dawa ya dumuzi. Mwalimu kamwambia asipoileta yeye ndiye atakayekuwa amevunja mpango. Akajikuna kichwa. Hayo ndiyo niliyonayo.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Nakuomba uniambie imefika au haijafika. Andika "ndiyo" au andika "bado." Kama huna karatasi, tumia hii hii, geuza nyuma.

Mama yako


Mkata, Handeni
6 Septemba 2024

Mwanangu Maryamu,

Assalaam aleikum. Mjukuu wangu nasikia ameanza kusimama, Muhsin kaniambia alimwona kashika meza pale kwako.

Barua sikupata. Nimepata bahasha kubwa ya kaki, nikaikung'uta mpaka chini, hakuna karatasi. Kuna kanga. Kipande kimoja cha ile doti yangu, kimekatwa na kupindwa.

Kwanza nilikasirika. Nikasema mtoto huyu anataka niongee na nguo sasa? Nikaikunja, nikaiweka. Halafu nikaikunjua tena nikaenda nayo mlangoni penye mwanga, nikafuata pindo kwa kidole. Mkono wako naujua, Maryamu, ukishona unaruka kama panya aliyeona paka. Huu mshono umenyooka. Umekaza. Na kwenye kona zote nne umerudi juu yake wenyewe, pale cherehani yako inapokwama na wewe ukairudisha nyuma.

Nikakaa kizingitini. Baba yako kaja kuniuliza kuna msiba? Nikamwambia wewe nenda kakoroge chai, tia vijiko unavyotaka, leo tu.

Kipande cha pili kiko kwa nani sikuulizi. Muhsin kasema mama Sabiri alipanda gari lake kajifunga kanga kama hii, kasimama mlangoni kama bibi harusi.

Kuandika usipotaka usiandike. Kununa umerithi, na si kwangu. Ijumaa iliyopita nimepeleka, na hii nimepeleka. Msimu wa machungwa unaishia, nimeanza kukaanga mihogo.

Leo nimejifunga ile kanga nikakaa nayo mezani kwangu barabarani. Dunstan kapita, kasimama kuangalia meza kama kawaida yake. Nikamwinulia upindo. Nikamwambia, "Tazama hapa, baba. Tazama kona."

Mama yako