Masomo ya Nje ya Ukuta

Jumamosi jioni, Nakuru, msimu wa masika, 1957

Wingu lilishinda juu ya Menengai tangu asubuhi, na kila nilipotoka jikoni nilikuwa naliangalia kama mtu anayelidai kitu. Sasa limeshamwaga mvua yake, paa bado linadondosha matone, na mimi nimekaa kitandani na taa. Shajara yangu, leo sijui nianzie wapi. Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma, na kabla ya kucheka nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nianze na Mjomba Salim, maana mambo yangu mengi ya kuniaibisha huanza naye.

Mjomba ni karani wa holi hapa Bondeni. Funguo za holi anazo yeye, amezining'iniza kiunoni, na akitembea zinalia ili watu wajue karani anapita. Majuzi alipata karatasi kutoka chuo kikuu cha kule Uganda. Kumbe chuo kile hakifundishi wale tu wanaopanda treni na masanduku yao kwenda kukaa huko. Kinatuma walimu mijini pia, ili watu wa kazi wasome Jumamosi bila kuacha vibarua vyao. Safari hii mwalimu anakuja Nakuru, na Mjomba atoe tangazo kwa Kiswahili.

Sasa Kiingereza cha Mjomba ni cha kusalimia tu. Akanijia mimi, niliyefika darasa la nane na ninayewafundisha watoto wa kike a-e-i-o-u pale madrasa ya Bi Rukia. Akaniambia, "Zuhura mwanangu, nitafsirie hii, lakini usimwambie mtu." Nikakubali, kwa sababu huwa sijui kumkatalia, na kwa sababu nilipenda kuishika ile karatasi.

Masomo hayo yana jina lake kwa Kiingereza, jina gumu lenye harufu ya Kilatini. Nikafungua kamusi. Kamusi ikaniambia: nje ya kuta. Basi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: MASOMO YA CHUO KIKUU NJE YA UKUTA. HOLI YA BONDENI, JUMAMOSI SAA KUMI. WATU WOTE MNAKARIBISHWA.

Wallahi nilijivunia.

Ila katika hao "watu wote" mimi sikuwamo. Baba yangu ni fundi cherehani, ana baraza lake karibu na soko, na kwa utani wake wateja humfuata hata kama hawana kitambaa. Lakini ana neno moja halitikisiki: binti yake hataingia holini. Holi ndiko kwenye dansi, ndiko walevi wanakotoka wakiimba usiku na kujisaidia kwenye michongoma ya watu. Nilimwomba mara ya kwanza, akacheka. Nilipomwomba tena, akasimamisha cherehani. Baba akisimamisha cherehani, ujue mazungumzo yamekwisha.

Na nilitaka kusoma, nisijidanganye hapa ambapo hakuna anayenisikia. Wavulana niliokuwa nawashinda hesabu wamekwenda sekondari, wengine wanavaa soksi ndefu na kuninunia njiani. Mimi nimekaa nyumbani nasubiri posa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Leo saa kumi kasoro Mama akanipa birika la chai nimpelekee Mjomba. Nikavaa buibui langu upesi kabla hajabadili mawazo. Nilijiambia nitaweka birika mlangoni, nitachungulia kidogo, nirudi.

Nachungulia, holi tupu! Mabenchi yamepangwa safu safu, sakafu imepigwa maji, ubao umefutwa, na Mjomba amesimama katikati peke yake na funguo zake. Nilidhani hakuna aliyekuja. Kisha nikasikia vicheko upande wa nyuma.

Nikazunguka. Subhanallah! Watu walikuwa wamejaa huko nyuma, wamejipanga kando ya ukuta wa nje, kila mtu na stuli yake. Wanaume wa reli na nguo zao za kaki, wapagazi wa ghala la mahindi, kina mama wa sokoni na vikapu, na wale shangazi zangu wa mtaani wa kujifunika buibui ambao mlango wa holi hawajaugusa maishani. Na katikati, kwenye stuli ya miguu mitatu, Mama Atieno, mke wa mtu wa reli, muuza njugu, ambaye akikohoa soko zima linasikia.

Mjomba akatoka mbio. "Jamani, ingieni ndani, mabenchi yako ndani!"

"Tangazo imesema nje ya ukuta," Mama Atieno akamjibu, "na sisi iko nje ya ukuta. Kwani wewe ndiye chuo kikuu?"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akageuka akaniona na birika langu. Sitalisahau lile jicho mpaka nife.

Mwalimu akatokea papo hapo. Mzungu kijana, mwembamba, masikio mekundu kwa jua, gari lake limejaa vumbi jeupe la ziwani. Alikuwa ameshapita mle ndani akayaona mabenchi matupu, na uso wake ulikuwa umeanguka. Alipotuona huku nyuma akashangaa. Mjomba, bila haya hata kidogo, akamwonyesha tangazo kana kwamba amelikuta njiani. Mzungu akalisoma polepole, kwa kidole. Kisha akacheka, akacheka hadi akavua miwani akaifuta. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota kwamba ni kweli kabisa, chuo kimetoka nje ya ukuta, ndiyo maana yake. Akaenda kujibebea kiti mwenyewe.

Moyo wangu ndio kwanza unatulia, askari huyo anakuja. Siku hizi za Hali ya Hatari ukikusanya watu bila kibali unakwenda kulala ndani. Akadai kibali. Kikatolewa. Akasema kibali ni cha holi, na hawa wako wapi?

Hapo nampa Mjomba haki yake. Alivuta pumzi, akatikisa funguo, akasema, "Afande, soma tena. Holi na uwanja wake. Hawa wako nje ya ukuta, lakini wako ndani ya ua." Askari akautazama ukuta, akautazama ua, akajikuna chini ya kofia. Mwisho akaegemea nguzo ya ua akasema atabaki kulinda usalama. Na usalama ukamnogea, maana hakuondoka mpaka mwisho.

Mimi nilitaka kuondoka, kweli. Birika nimeshalitua. Lakini miguu haikutaka.

Mwalimu akaanza kwa jambo la ajabu: hakufundisha. Aliuliza sisi tunataka kujua nini. Mtu mmoja wa reli akanong'ona, "Tumekuja kufundishwa au kuulizwa?" Ndipo Mama Atieno akasimama.

"Mimi nataka kujua hii maji ya mfereji. Watu wote wa hapa, mfereji ni moja. Tunaamka na giza kupanga debe. Nani alisema iwe moja? Na huyo mtu anakaa wapi?"

Mwalimu akamgeukia Mjomba, mkalimani wake. Mjomba akakohoa, akapanga maneno kwa Kiingereza, na yote aliyopata kusema ni kwamba mama huyu anataka maji.

Mzungu wa watu akaruka, akamimina maji kwenye bilauri yake, akampelekea kwa mikono miwili.

Sijawahi kusikia Bondeni ikicheka vile. Mama Atieno akayapokea, akayanywa yote, akajifuta mdomo. "Asante, baba. Lakini swali bado iko."

Nikashindwa. Sikuamua, nilishindwa tu. Sauti ikanitoka nikiwa pale pembeni kando ya birika, nikamweleza mwalimu kwa Kiingereza neno kwa neno alichouliza Mama Atieno, pamoja na giza na madebe. Watu wote wakanigeukia. Mwalimu akaniuliza jina, nikalitaja. Akasema, Zuhura, tafadhali simama hapa karibu nami.

Nikasimama.

Akachukua chaki, akachora kwenye ukuta wenyewe wa holi, upande wa nje, na Mjomba nusura azimie. Akachora nyumba ya baraza la mji. Akachora chumba ndani yake, akasema hapa hukaa kamati ya maji. Kumbe kuna kamati! Kumbe ina mwenyekiti na siku yake ya kukutana, na mkazi anaruhusiwa kupeleka ombi, na likiandikwa sawasawa ni lazima lisomwe mezani. Miaka yote hii sisi tulidhani mfereji ni mmoja kama jua lilivyo moja. Kila alilosema nililigeuza Kiswahili, na kila walilouliza nililigeuza Kiingereza. Koo lilinikauka na sikujali.

Kisha nikamwona Baba.

Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, ndiye aliyekuwa amemkimbilia, na sasa alikuwa nyuma yake akiniashiria kwa kidole. "Si nilikuambia? Huyo binti yako, holini, na wanaume!"

Baba akanitazama mimi. Akautazama ukuta, akautazama mlango wa holi kule mbele, akaufikiria umbali.

"Nilisema asiingie holini," akamwambia Bi Mwanaidi. "Hapa ameingia wapi?"

Akageuza debe la mtu akalikalia.

Ningeandika hapa kwamba basi, mambo yakawa mazuri. Lakini lile wingu la Menengai lilikuwa halijasema neno lake. Matone ya kwanza yalipoanguka tulikuwa tumefika penyewe: tufanye nini ili mfereji wa pili uje. Mvua ikashuka kwa ghafla, stuli zikaruka, watoto wakapiga kelele, na watu wote wakamiminika kwenye mlango wa mbele. Shangazi zangu pia. Hata Baba alisombwa nao, debe mkononi, akaingia holini kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kujua ameingia.

Nikabaki mimi chini ya upenu, na birika.

Maji yalikuwa yananirukia magotini. Kupitia dirishani nilimwona mwalimu anasema na Mjomba anapayuka, na watu wanatazamana. Mvua kwenye mabati inazima kila kitu. Huwezi kutafsiri ukiwa dirishani. Nikasogea mpaka kizingitini. Nikasimama hapo. Neno la Baba ni neno la Baba, na leo alikuwa amenitetea mbele ya watu, ningemlipaje kwa kulivunja? Nilijisikia kulia, nisiseme uongo.

Mara nikasikia sauti, juu ya mvua, juu ya mabati.

"Zuhura! We Zuhura! Umesimama huko unafanya nini? Njoo huku, huyu Salim ananichanganya!"

Alikuwa Baba, safu ya mbele kabisa, ameinua tepu kama anayeita mteja.

Nikaingia.

Tulimaliza magharibi ikikaribia. Tumekubaliana ombi la mfereji liandikwe darasani, watu wote wasikie, na Mama Atieno ndiye atakayelipeleka kwa kamati. Mwalimu amesema Jumamosi ijayo tujizoeze: yeye atajifanya mwenyekiti mkali na Mama Atieno amjibu. Nilimtafsiria Mama Atieno, naye akasema anamhurumia huyo kijana.

Njiani Baba alinifunika kwa koti lake. Hakusema lolote juu ya holi. Alisema juu ya kamati, juu ya bei ya vitambaa, na kwamba yule Mzungu suruali yake imeshonwa vibaya. Tulipokaribia mlango wetu ndipo akauliza, akiangalia kwingine, "Na Jumamosi ijayo mvua ikinyesha?"

Nikasema sijui, Baba.

"Tutakaa ndani tu," akasema.

Tutakaa! Hakusema watakaa. Nimelirudiarudia neno hilo tangu nivue viatu, na Mama ameshaniuliza nachekea nini peke yangu.

Sasa hivi Mjomba amepita, amelowa chepechepe, ameniachia lile tangazo. Anataka nilisahihishe, niandike "ndani" kwa herufi kubwa, asije akaaibika tena. Nimekaa nalo hapa chini ya taa. Nawaza: wale shangazi wangekuja kama ningeandika vizuri tangu mwanzo? Na mimi je? Lile neno nililikosea kweli, au nililitaka?

Nimeliacha kama lilivyo. Nimeongeza mstari mmoja tu kwa chini, kwa mwandiko wangu mzuri:

MVUA IKINYESHA, TUTAINGIA WOTE.