Kijani cha Mutomo si cha Matinyani

Matinyani, Jumatano, Oktoba 1987

Jua limewaka kutwa nzima. Saa nane mawingu yalikusanyika upande wa mashariki, yakatutazama, yakaenda zake. Mimi nimeshinda nimenuna, na sababu si jua.

Nimekosea mbele ya kanisa zima.

Wiki iliyopita bwana shamba wetu alileta shuleni ramani mbili za hali ya hewa. Moja ni ya siku, imejaa alama. Hiyo naijua, nimeifundisha miaka kumi na saba. Duara tupu ni anga safi, duara lililojazwa wino ni mawingu tele. Nukta ni mvua, alama ya mkato ni manyunyu. Mshale wenye manyoya mkiani unaonyesha upepo unakotoka. Hapo hakuna wa kunibabaisha.

Ya pili ni ya mvua za vuli. Haina alama, ni rangi tu: buluu, kijani, manjano. Kitui yote ilikuwa kijani, kutoka hapa kwetu mpaka kule kusini Mutomo. Chini kulikuwa na maelezo ya rangi kwa maandishi madogo. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, na mwalimu wa jiografia haulizi watu maana ya kijani.

Jumapili mchungaji akanipa dakika tano baada ya matangazo. Nilichukua ishirini. Nikawaambia kijani ni mvua ya kutosha, na kwa kuwa rangi ni moja, Mutomo watapata sawa na sisi. Watu wakaitikia amina, jambo ambalo sijawahi kulipata darasani.

Shemeji yangu Muthoka, kaka ya mke wangu, alikuwa ametutembelea kutoka Mutomo. Kila mwaka hupanda mtama na kunde, kwa sababu mahindi kule hufika magotini yakakauka. Tulipotoka nje akanishika mkono.

"Shemeji, kama ni mvua kama yenu, mwaka huu ndege watafute mtama kwingine. Mbegu yote naibadilisha na mahindi siku ya soko."

"Hapo umesema kama mtu aliyesoma," nikamjibu.

Leo bwana shamba amepita shuleni. Nikamsimulia kwa madaha jinsi nilivyohubiri ramani yake. Akavua kofia, akakuna kichwa.

"Mwalimu, kijani hapo ni mvua ya kawaida. Buluu ni zaidi ya kawaida, manjano ni pungufu. Na kawaida ni ya mahali penyewe. Hii ramani hailinganishi Mutomo na Matinyani. Inalinganisha Mutomo na Mutomo."

Nikavaa miwani. Maneno yalikuwa pale pale chini, yametulia.

Kawaida ya Mutomo ni ile inayokausha mahindi.

Soko lao ni keshokutwa. Muthoka akishabadilisha mbegu, hana akiba nyingine, na ana watoto watano. Mahindi yakikauka, ni mpaka mvua za mwaka ujao, na hizo nazo hazina uhakika.

Jioni nimemweleza Mama Mwende akichambua kunde. Mwanzo hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha akacheka.

"Baba Mwende, miaka yote hii unachapa watoto wa watu kwa kutosoma swali."

Nikataja barua.

"Barua itafika mahindi yakiwa mchangani. Nenda."

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya siku moja, baada ya kuniuliza mara mbili kama nina msiba. Nikamwambia bado. Wa kanisani nitawasahihishia Jumapili. Wao kawaida yao inawatosha, hawana hasara kubwa. Mwenye hasara ni yule aliyeniamini na kusafiri na maneno yangu.

Mama Mwende amenifungia gorogoro mbili, kopo mbili za kupimia nafaka, za mtama kutoka mbegu yetu, endapo nitamkuta Muthoka hakungoja soko, ameshabadilisha na jirani. Hazitoshi shamba lake. Zitatosha kuanzia, na sisi kipande cha karibu na mto kitabaki wazi.

Basi la kwanza ni alfajiri. Nikifika nitasema nilikosea kabla sijakaribishwa chai. Nikiingoja chai, najijua, nitaanza kufundisha tena.