Laptop ya Kukaa Mezani

Brooklyn Park, Jumanne, 11 Novemba. Mwaka wa thelathini na nne nje ya Kenya.

Hatimaye nimenunua laptop, wala sijafurahi. Ile ya zamani ilikwama kila nilipojaribu kuunganisha video za mazishi ya Mama, ambayo niliyatazama kwenye simu nikiwa hapa jikoni. Nilimwahidi dada yangu Wambui kwamba nikimaliza kuzihariri nitampelekea mwenyewe Nyeri, tuzitazame pamoja.

Muuzaji alituwekea mbili, mimi na binti yangu. Moja ilikuwa nyepesi, ya kubeba safarini, ila alikiri kwamba video ndefu zingeilemea. Ya pili ilikuwa na nguvu za kutosha lakini nzito mno, na betri yake haidumu.

Nikachukua ile nzito bila hata kufikiri.

“Baba, na hiyo utapanda nayo ndege vipi?” binti yangu Njeri akauliza akicheka. “Itakung’oa bega kabla ya Nairobi.”

“Hii ni ya kukaa mezani,” nikamjibu. Akaacha kucheka.

Jioni nimempigia Wambui. “Sasa mashine umepata,” akasema. “Unakuja lini? Macho yangu ndiyo hayo yanakwisha.”

Nikamwambia nitamtumia video kwa simu ya mwanawe. Akaniuliza kama baridi ya huku imeanza.

Miaka yote hii nimesingizia kazi, halafu magoti. Leo hata sikutafuta kisingizio. Sitarudi.