Kitabu Chetu cha Maji

Voi, Jumanne jioni

Kimechomwa. Kile kitabu cha michoro tulichopokezana sisi watatu mwaka mzima, kila mmoja akichora kurasa zake kuhusu maji.

Leo nilipanda mlima wa Sagalla kukichukua kwa mwenzangu Mwakio. Mama yake alitoka jikoni macho chini. "Nisamehe, mwanangu. Kuni zilikuwa mbichi, nikadhani ni daftari kuukuu la shule."

Nikamwambia haidhuru.

Mwakio akasema tutanunua kingine, tuanze upya. Nikaitikia tu. Lakini mwenzetu wa tatu, Wakesho, tulimzika mwezi uliopita, na michoro yake yote ilikuwa mle. Hatukupiga picha hata ukurasa mmoja.

Nilimwahidi mamake Wakesho nitampelekea kitabu Jumapili, aone alichoacha bintiye. Sijui nitabisha vipi mlango ule.