Wiki ya Kugawa Anwani

Jumatatu, 3 Machi

Fayawoli mpya imefika, mlinzi wa mtandao wa hospitali. Mkurugenzi anataka iwe inagawa anwani yenyewe: kompyuta ikiwashwa iombe namba, ipewe, kazi iendelee. Mpaka leo kila namba iliwekwa kwa mkono na fundi aliyenitangulia, akaiandika kwenye daftari la shule. Nimetenga namba, hamsini hadi mia mbili. Nimezunguka vyumba vyote kuziambia kompyuta ziombe. Saa nne asubuhi, kwisha!

Ijumaa miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha. Mambo yakinyooka, ajira. Yakienda mrama, mimi na wanangu wawili tutaendelea kulala sebuleni kwa dada. Shemeji ameanza kuniuliza mipango yangu kwa upole. Upole wake naujua.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Mapokezi wamekatika. Wamerudi. Wamekatika tena. Maabara vivyo hivyo. Mama mmoja amekaa na mtoto mwenye homa tangu asubuhi kwa kuwa faili lake halifunguki. Nimezima, nimewasha, nimezima. Mkurugenzi amepita mara tatu bila kusema kitu. Afadhali angenifokea.

Jumatano, 5 Machi

Mfamasia ameirudisha namba yake ya zamani kwa siri! Kumi na saba. Anasema amekuwa nayo miaka kumi na moja, hawezi kupangiwa namba kama mgonjwa wa foleni. Nimembembeleza, nimempa shikamoo ya pili. Hataki. Basi, nimeandika kwenye fayawoli: kumi na saba ni ya mzee, milele. Karidhika, kanipa peremende.

Mtandao bado unakatika. Kwa hiyo hakuwa yeye. Maji yamenifika shingoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata. Kompyuta zinazokatika zina anwani za ukoo mwingine kabisa, si nilizotenga mimi. Yaani kuna kifaa kingine kinagawa, na kinaiwahi fayawoli kujibu. Nimefuata kebo moja moja kwa magoti hadi chumba cha mafaili. Nyuma ya kabati — rauta ndogo, taa ya kijani, vumbi. Juu yake utepe mweupe: KWA MUDA.

Mwandiko wangu.

Desemba, wiki yangu ya kwanza. Tundu la mtandao ukutani lilikuwa moja, kompyuta mbili, nikaiweka kwa siku mbili tu. Nikasahau! Haikumdhuru mtu miezi yote hii kwa sababu hakuna kompyuta iliyokuwa inaomba namba.

Nimeubandua utepe kwa kucha. Ndipo mkurugenzi akaingia. Akaitazama rauta, akamtazama Mama Mafaili, mtunza kumbukumbu, ambaye ufunguo wa chumba anao yeye.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Kesho saa sita, ofisini kwangu, na barua ya kujieleza."

Mama akaapa hajui hata kile kitu ni nini. Mimi nikajitia hamnazo, nikakunja kebo. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Mtandao shwari. Hakuna aliyelalamika. Mkurugenzi ameniita asubuhi: mkataba wangu uko tayari, nije saa sita hiyo hiyo kuusaini, na nieleze kitaalamu jinsi rauta ya Mama Mafaili ilivyoleta vurugu. Nikasema sawa. Sawa!

Saa sita kasoro dakika tano. Tuko kwenye benchi nje ya ofisi, mimi na yeye. Barua yake ameikunja mara nne. Amenisogelea.

"Mwanangu, mambo haya unayajua wewe. Hebu isome, kama nimejibu vizuri."

Nimeisoma. Mistari mitatu. Anaomba radhi kwa kosa asilolijua, na anasema mimi fundi niko tayari kumfundisha ili lisijirudie. Nimemrudishia. Nimefungua daftari langu hili. Anadhani ninachoandika hapa ni maelezo ya kumtetea, kwa hiyo hanisumbui.

Mlango umefunguliwa. Mkurugenzi anauliza nani aanze. Mama ananigusa bega — tangulia wewe, mwanangu, una kazi nyingi.