Joto la Wodi Mpya

Septemba 12

Dada yangu muuguzi,

Hujambo? Mimi mzima kupita kiasi, maana kichwa kama changu hakijazaliwa tangu jua liumbwe. Eti shule ilinishinda? Ilinikimbia! Hapa ofisini wasomi wanaabudu kompyuta inayokisia joto litakavyopenya paa la wodi yenu mpya. Kwa kila saa ya siku inatoa namba: joto linaloingia ni kujumlisha, linalotoka ni kutoa. Mhandisi wetu, yule mzee anayetembea kama kuku aliyemeza kijiko, anataka paa liwekewe tabaka la kuzuia joto. Alipoenda likizo nikajumlisha namba za mchana na usiku: karibu sifuri! Linaingia, linatoka, kama mgeni asiyepewa kiti. Nikampelekea mkuu wa ofisi, akalifuta lile tabaka kwenye mchoro na kunipigia makofi. Msalimie mama.

Mdogo wako

Septemba 20

Mdogo wangu,

Sijambo, ila tumbo la mama halina nafuu. Wodi ikifunguliwa atapasuliwa na kulazwa humo. Hebu niambie, ewe bingwa wa sifuri: saa nane mchana peke yake, namba inasemaje? Mtu akimwagiwa maji ya moto kisha ya baridi, ukijumlisha ni vuguvugu, lakini ngozi imeshababuka. Mwambie mhandisi, tafadhali.

Dada yako

Septemba 28

Dada,

Salamu nyingi, na pole kwa mama. Kumbe nawe umekuwa mhandisi? Wewe choma sindano, kuta niachie mimi! Yule kuku karudi, anatafuta kijiko chake, wala sina la kumwambia. Mama atalala kama malkia.

Mdogo wako

Februari 9

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Mama kapasuliwa salama. Mchana wa pili paa likawa kikaango. Akazimia, homa ikapanda, kidonda kikafumuka. Tumemhamishia barazani. Daktari hajatuahidi kitu. Anakuulizia.

Dada yako

Februari 13

Dada,

Sikuulizi hali. Nimemweleza mhandisi, hakunitukana, na heri angenitukana. Hesabu kukosea, hata wenye miwani hukosea. Lakini uliponiuliza namba ya saa nane, nilikwenda nikaitazama. Ilikuwa kubwa, dada, ilikuwa inatisha. Paa lilikuwa bado halijaezekwa. Nikafunga kompyuta, nikakuandikia upuuzi, kwa sababu nilikuwa nimeshapigiwa makofi.

Mwambie mama nakuja. Hilo lingine nitamwambia mwenyewe, akinisubiri.

Mdogo wako